Dada Alipanga Kwanza, Akanunua Baadaye

Dada yangu alistaafu unesi akiwa na miaka sitini, baada ya kufanya kazi katika zahanati za Malambo na Loliondo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alirudi Karatu na masanduku mawili, godoro moja, na kiinua mgongo chake benki. Nilimpa chumba nyumbani kwangu. Mimi ni dereva wa watalii, na miaka hiyo kazi ilikuwa nzuri, tipu zilikuwa zinaingia, nami nilikuwa nimeweka akiba kidogo. Jioni moja tukila, dada alisema hataki hela yake ikae benki huku yeye akiipunguza kidogo kidogo mpaka iishe. Alitaka nyumba ya kupangisha. Akaniuliza kama nitaingia naye, yeye atoe theluthi mbili na mimi theluthi moja.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Karatu ilikuwa inakua kila mwezi. Kila aliyekuja kutafuta kazi kwenye hoteli, kwenye mashamba ya kahawa, au kwenye magari ya watalii, alihitaji mahali pa kulala.

Wiki ile ile dalali alitupeleka kuona nyumba upande wa juu wa mji. Ilikuwa na vyumba vinane vilivyozunguka uwanja mmoja, kila kimoja na mlango wake, choo nyuma, bomba moja katikati. Mwenye nyumba, aliyesimama nasi uwanjani, alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, anataka kuhamia Mbulu kwa watoto wake. Alikuwa anauza milioni thelathini. Dalali alitoa simu yake akapiga hesabu mbele yetu: vyumba vinane, elfu arobaini kila kimoja, mara miezi kumi na miwili.

"Haifiki miaka minane hela yenu imerudi yote," alisema. "Baada ya hapo mnakula faida tu, mama. Mnakaa kivulini."

Mimi nilishashiba kabla ya kula. Dada aliangalia ile simu, akaangalia uwanja, akauliza, "Shimo la choo linajaa baada ya muda gani?"

Dalali akacheka. Akasema hayo ni mambo madogo. Dada akauliza maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki. Akauliza nani analipa umeme ukiisha. Akauliza mwezi wa nne mwaka uliopita vyumba vingapi vilikuwa na watu. Dalali alikuwa mtu wa Moshi, na mzee alikuwa ametusalimia kwa Kiswahili tu, kwa hiyo nikamwambia dada kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, apunguze maswali, mzee atakasirika atuuzie bei ya juu zaidi.

"Sijakasirika," mzee akajibu, kwa Kiiraqw kizuri kuliko changu. "Mwache aulize."

Nikatamani ardhi inimeze. Dada hakucheka. Alimgeukia mzee, akamuuliza kama kuna chumba kitupu. Mzee akasita, kisha akasema kipo kimoja, cha tano, ila kuna mtu anakaribia kuingia.

"Mtu huyo ni mimi," dada akasema. "Nipangishe. Nitalipa kodi kama wengine. Nikishajua nyumba yako inavyoishi, nitakuambia nitakupa bei gani."

Dalali alinikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Mzee akaenda kuleta ufunguo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mke wangu alilia kabisa. "Wifi, watu watasema tumekufukuza," alimwambia. "Watasema mama mzima, nesi, ametoka kwa mdogo wake kwenda kupanga chumba kimoja." Dada alimkumbatia, akamwambia watu wakisema awaelekeze kwake, yeye atawajibu. Siku ya pili nilimbebea godoro, jiko la gesi, ndoo mbili na kiti kimoja. Ilikuwa mwezi wa nne. Mvua zilikuwa zimeanza kwa nguvu, barabara ya kupanda kule ilikuwa tope jekundu, na kazi yetu ya watalii ilikuwa imelala, kipindi tunachokiita lo sizoni. Nilimwambia angesubiri angalau mvua ziishe.

"Mvua zikiisha nitaona nini?" aliniuliza.

Alikaa miezi miwili. Nilikwenda kumwona mara kwa mara, na kila nilipokwenda nilimkuta amezoeleka zaidi. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia wapangaji wote kwamba anafikiria kuinunua ile nyumba. Niliposikia hivyo nilishika kichwa.

"Sasa si watakuficha mambo?"

"Watanificha kwa nini? Wao ndio wanaolala humu. Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka nyuma ya chumba cha saba, akanionyesha ufa ulioanzia kwenye msingi ukapanda hadi dirishani. Paa halikuwa na gata, kwa hiyo maji yote ya mvua yalikuwa yanamwagika palepale kwenye ukuta. Aliyemwonyesha ni mama mmoja kutoka Singida, kibarua wa shamba la kahawa, aliyekuwa anaishi kwenye chumba hicho na mumewe. Kila usiku wa mvua kubwa walikuwa wakisogeza kitanda.

Chumba cha pili alikaa kijana wa Kimasai kutoka Piyaya, mlinzi wa usiku kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi ya kwanza dada alimsalimia kwa Kimaa, akataja na kisima cha kwao. Yule kijana alisimama na mswaki mdomoni. Kumbe dada alishafika boma lao wakati wa chanjo za watoto. Kuanzia hapo alimwita yeyo, mama, na kila alipotoka kazini alipita mlangoni kwake kumjulia hali kabla ya kwenda kulala. Ndiye aliyemwambia kwamba mpishi wa chumba cha nane na dereva wa chumba cha sita huwa wanafunga virago kila mwaka mvua zikianza, wanarudi makwao hadi watalii warudi, na kodi ya miezi hiyo hailipwi na mtu.

Maji ya bomba yalitoka usiku, siku mbili kwa wiki, na siku nyingine hayakutoka kabisa. Wapangaji walinunua maji kwa madumu kwa vijana wa mkokoteni. Simtanki la kuhifadhia maji lilikuwepo, kubwa na zima, lakini lilikuwa limefungiwa nyumbani kwa mzee, mtaa wa pili, tangu mkewe alipofariki. Umeme ulikuwa wa mita moja kwa vyumba vyote, na kila ulipoisha palizuka ugomvi wa nani ana pasi na nani ana friji. Na shimo la choo lilijaa dada akiwa humohumo. Mzee aliita gari la kunyonya, likashindwa kupanda siku nne mfululizo kwa sababu ya tope. Siku hizo nne nilimbembeleza arudi nyumbani. Alikataa. Alichimba na wenzake mtaro wa kupitishia maji, wakamwaga kokoto barabarani, gari likapanda. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua ya kazini na kanga kiunoni, na nilipofika alikuwa anamwelekeza dereva wa lile gari jinsi ya kurudi nyuma. Nimeendesha magari milimani miaka mingi, na maelekezo yake yalikuwa sawa kabisa.

Mwishoni mwa mwezi wa tano alirudi kwetu, amekonda kidogo, na baada ya chakula akaomba tukae wote watatu mezani. Alianza na hesabu ya dalali. Vyumba vinane kwa mwaka vinatoa milioni tatu na laki nane na kidogo, akasema, ikiwa hakuna anayeondoka, hakuna anayeugua, na hakuna mvua. Yeye alihesabu vyumba sita. Si kwa sababu viwili vitakuwa vitupu daima, bali ukichanganya miezi ya kukosa watu na kodi zisizolipwa, mwaka unatoa kama vyumba sita. Hapo tukabaki na milioni mbili na laki nane na ushee. Akatoa fedha za kunyonya choo, za fundi, kodi za serikali, na za mtu wa kufagia uwanja na kuangalia bomba. Tukabaki na milioni mbili na laki moja na kidogo.

"Na kabla ya yote hayo kuna gata, kuna ule ukuta, kuna shimo jipya la choo na mita za umeme," alisema. "Hiyo ni kama milioni tatu siku ya kwanza. Kwa bei ya mzee, hela itarudi baada ya miaka kumi na mitano. Nitakuwa na sabini na tano. Sitaki kukaa kivulini nikiwa nimezikwa."

Mke wangu alicheka mpaka akatokwa machozi, halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza. "Kwa nini usipandishe kodi, wifi? Ukitengeneza vyote hivyo, elfu hamsini watalipa."

"Yule mama wa Singida na mumewe wanapata vibarua msimu hadi msimu. Nikiweka hamsini, wataondoka. Chumba kikikaa miezi mitatu kinasubiri wa hamsini, nimepoteza kuliko nilichoongeza mwaka mzima. Wakikaa mwaka kwa arobaini, nami nalala usingizi." Kisha akaongeza, kama mtu aliyesahau kitu, "Na ni watu wazuri."

Bei yake ilikuwa milioni ishirini na mbili. Kesho yake tulikwenda kwa mzee, bila dalali. Dada hakuponda nyumba ya watu. Alimweleza mzee kimoja kimoja alichokiona, kwa sauti ileile ambayo nadhani alikuwa akiwaambia wagonjwa hali zao, bila kutisha na bila kuficha. Mzee alisikiliza akiangalia chini. Alipotajiwa ishirini na mbili, aliinuka akasema nyumba ile aliijenga na mkewe tofali kwa tofali, na haitoki kwa bei hiyo. Akatuaga.

Baada ya siku chache dalali akanipigia. Amepatikana mnunuzi wa Arusha, anatoa ishirini na nane. "Mwambie mama aongeze leo hii," alisema, "kesho mtakuta ameshachukua." Nilikwenda mbio kwa dada. Alikuwa anachambua maharage. Nilimwambia tuongeze hata tufike ishirini na tisa, mimi nitakopa kwenye chama chetu cha madereva. Alichambua yale maharage mpaka yakaisha.

"Kama kwake inafaa ishirini na nane, ainunue," alisema. "Kwetu haifai. Sitainunua kwa sababu mwingine anaitaka."

Nilikasirika. Wiki mbili sikuizungumzia nyumba ile, na nilipopita upande ule na gari niliangalia upande mwingine. Kisha asubuhi moja, mvua ikinyesha kupita wakati wake, mzee akaja kwetu mwenyewe, koti limelowa. Mke wangu akampa chai. Alikunywa, akamwambia dada:

"Yule wa Arusha amekuja mara mbili. Hakuingia hata chumba kimoja. Anataka kulipa nusu sasa, nusu baadaye, na watu watoke wote mwezi huu, avunje ajenge gesti. Jana nilikwenda kuwaambia. Yule mama wa Singida akanionyesha ule ukuta wa nyuma. Nilikuwa sijafika kule nyuma tangu mke wangu alipofariki." Akaweka kikombe chini. "Ishirini na nne."

"Ishirini na tatu," dada akasema, "na simtanki linabaki."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Walishikana mikono. Dada akamwuliza kama angependa kuacha kitu chochote cha mkewe pale, mti au jiwe, ili yeye asikiguse. Mzee akasema kuna mpera mmoja karibu na bomba. Ule mpera upo hadi leo.

Tuliandikishana mbele ya wakili na mwenyekiti wa mtaa, majirani wote wa mipaka wakiwa wamesimama kwenye pembe zao. Gata ilifungwa kabla ya kitu kingine chochote. Simtanki likarudi uwanjani, na lilipojaa mara ya kwanza wapangaji walikuja na ndoo wakasimama kulitazama. Vyumba vilijaa vyote vinane. Kila mwezi dada alichukua sehemu ya kodi akaiweka kwenye akaunti nyingine. Nilipomwuliza ni ya nini, wakati nyumba imejaa, alisema ni ya mwezi wa nne. Nikamwambia mwezi wa nne upo mbali.

Haukupita muda mrefu, ukaja ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege dunia nzima. Karatu ilikufa ghafla. Hoteli zilifunga milango, magari yetu yakaegeshwa yakapigwa na jua mpaka matairi yakapungua upepo. Mimi nilikaa nyumbani nikimsikiliza mke wangu akipima unga. Wenye nyumba wengi walikuwa wamekopa kujenga, na niliona vyumba vikibaki milango wazi, watu wamerudi Dodoma, Mbulu, Singida.

Dada aliwaita wapangaji wake uwanjani, akawaambia kodi ni nusu mpaka kazi zirudi, na asiyekuwa na nusu aseme mapema, asijifiche. Nilimwambia anatuua. Akaniambia chumba chenye mtu anayelipa elfu ishirini ni bora kuliko chumba chenye popo, na kwamba ile akaunti nyingine ipo. Akatoa humo sehemu yangu, akampa mke wangu mkononi, kila mwisho wa mwezi, bila kuniuliza kama nimeomba. Watoto wangu walikula kwa ile nyumba mwaka mzima. Sijui ningefanya nini. Wenzangu wawili waliuza magari yao.

Yule mlinzi wa Piyaya duka lake lilipunguza watu, akarudi kwao kuchunga. Aliacha chumba kimefungwa na vitu vyake ndani, na miezi sita haikusikika habari yake. Nilitaka tuvitoe tupangishe. Dada akasema hakuna anayekuja kupanga, basi kufuli la yule kijana halimzuii mtu. Siku aliyorudi alikuja na beberu mnene, akamfunga kwenye mpera. "Yeyo, hii ni kodi," alisema. Dada alimzunguka yule beberu, akamshika mgongo, akafungua mkoba wake. Alitoa noti kadhaa, akampa.

"Hizi za nini?"

"Chenji. Beberu wako amezidi nusu kodi ya miezi sita."

Kijana alikataa, dada akakataa kukataliwa, uwanja mzima ukawa unacheka. Mwisho aliichukua ile chenji akanunua mchele, na yule beberu akaliwa siku hiyohiyo na watu wa vyumba vyote, na mimi nikiwemo.

Watalii walirudi. Kodi ikarudi elfu arobaini, na hakuna aliyenung'unika. Mama wa Singida siku hizi ndiye anayesimamia nyumba, anapokea wageni wapya na kuwapigia mafundi simu, na yeye halipi kodi, analipwa. Bado hela yetu haijarudi yote, kama dada alivyosema haitarudi haraka. Ila kila mwaka inarudi karibu na pale alipokadiria, mwaka mwingine juu kidogo, mwaka mwingine chini kidogo. Madereva vijana wakiniuliza kuhusu kununua nyumba nawatuma kwake. Wengine hurudi wamekasirika. Wengine hurudi wakipiga hesabu upya.

Mwaka jana tulipogawana, dada aliniambia fungu lake safari hii haliendi benki. Nikadhani anataka kununua nyumba ya pili, nikaanza kumtajia moja niliyoiona karibu na njia ya Rhotia. Akasema hapana. Miaka yote ile ya Malambo alipita ukingoni mwa kreta, lile bonde la wanyama tunakopeleka watalii, ndani ya basi, usingizini au amebeba masanduku ya chanjo mapajani, na hakuwahi kushuka chini hata siku moja. Alitaka kunikodi.

Nilimwambia mimi ni mdogo wake, nitampeleka bure. Akalipa mafuta, akalipa viingilio, akalipa na siku yangu ya kazi, akamchukua mke wangu na mama wa Singida. Tuliondoka alfajiri, ukungu umefunika kila kitu, na tulipofika nusu ya mteremko ukafunguka. Nimewashusha wageni mamia pale, nao hupiga kelele, hupiga picha. Dada alishika bomba la kiti kwa mikono miwili, akatazama nyumbu wakipita mbele ya gari mmoja mmoja, ndama kwa mama zao, akawa anawafuata kwa macho mpaka wa mwisho. Mchana tulikula mayai na viazi karibu na ziwa la viboko. Nilipomwambia kwamba wageni wengi huondoka saa hizo ili kuwahi hoteli, aliniuliza geti linafungwa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili jioni. Akafungua chupa ya chai, akawamiminia wenzake, akasema basi tukae.